Salamu za Krismasi: Mwaka Tuliomzika Mchungaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa!

Kwa niaba ya baraza la wazee wa kanisa, idara ya wanawake, vijana, kwaya zote mbili na watoto wa shule ya Jumapili, nawasalimu katika Jina lipitalo majina yote. Nawatakia heri ya Krismasi na baraka tele za mwaka mpya. Mliosafiri kwenda kula sikukuu nyumbani, Bwana awafikishe salama na awarudishe salama. Mliobaki hapa Mwanza kwa sababu ya nauli, karibuni ibadani, tutakula pamoja kitakachokuwepo.

Salamu hizi kila mwaka aliziandika Mchungaji mwenyewe, kwa wino wa bluu, kwenye karatasi alizochana katikati ya daftari. Kazi yangu mimi katibu ilikuwa kuzichapa na kutia nukta, maana nukta hakuwa na habari nazo. Safari hii baraza limesema niandike mimi. Nimetii. Mkiona ni ndefu kuliko zake, mjue yeye alikuwa mhubiri na alijua pa kuishia.

Mwaka umekuwa mgumu, hilo halihitaji ufunuo. Dada zetu wanaouza dagaa Mwaloni wanajua bei waliyonunulia na bei waliyolazimika kuuzia. Mchele, mafuta ya kula, mkaa, vyote vimepanda na hakuna kilichobisha hodi. Wapo kati yetu ambao pilau ya mwaka huu itakuwa wali na maharage, na Bwana ataibariki meza hiyo hiyo. Kwaya imeahirisha kushona sare mpya. Mimi binafsi nimefurahi, kwa sababu mjadala wa kitenge kila Desemba unatugombanisha kuliko bajeti ya jengo. Kwa wazazi nasema hivi: Januari iko palepale, pamoja na ada, madaftari na viatu vya shule. Usimvalishe mtoto gauni la sikukuu kwa mkopo wa kausha damu, halafu mwezi wa kwanza uje kwa wazee kuombewa mlango wa fedha ufunguke. Mlango huo uliufunga mwenyewe, kwa dole gumba, kwenye karatasi uliyopewa bila kuisoma.

Kuhusu taifa nitasema kidogo. Tumefunga na kuomba kwa ajili ya amani, tuendelee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu analiwaza na hakuna anayelisema kwenye kipaza sauti.

Sisi ni watu tunaoamini kwamba Yesu anaokoa, anabatiza kwa Roho Mtakatifu, anaponya na anarudi. Maneno hayo yamechorwa ukutani nyuma ya madhabahu, na neno ANAPONYA ndilo lenye herufi kubwa kuliko yote, kwa sababu fundi alikosea vipimo na rangi ikawa imeshakauka. Kipindi chote cha ugonjwa wa Mchungaji tulikuwa tukiimba huku tukilitazama neno hilo. Tulifunga. Tulikesha. Tulimpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, wazee wote tukiwa tumezunguka kitanda. Figo hazikurudi. Mwezi wa saba akalala.

Mara tatu kwa wiki alikuwa akienda kusafishwa damu. Kuna mtumishi mmoja wa mbali, jina nalihifadhi, alimpigia simu akasema ameoneshwa kwamba Mchungaji ameshapona, basi aache mashine, kwani kuendelea nayo ni kukosa imani. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje, na mimi nilikuwepo. Mchungaji akamshukuru kwa heshima zote. Akamwambia, "Amina, mtumishi, napokea. Ila kesho ni zamu yangu, na madaktari nao wameniwekea mikono." Akakata simu, akaniomba nimtafutie soksi, kwa maana chumba kile cha mashine kilikuwa na baridi.

Tangu mazishi minong'ono haijaisha. Wengine wanasema imani ya kanisa ilipungua. Wengine wanasema kuna dhambi iliyofichwa. Wapo waliofika mpaka kwa mama mchungaji, ndani ya matanga, kumuuliza kama ukoo wa marehemu ulikuwa na madhabahu ambazo hazijavunjwa. Mjane amekaa chini kwenye mkeka, hajala tangu asubuhi, na wewe umekuja na Biblia kubwa kumhoji kama karani wa mahakama! Wanafunzi wa Yesu nao walimwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Tunajua walijibiwa nini: si yeye wala wazazi wake. Nashangaa tunaendelea kuuliza.

Someni 2 Wafalme 13. Elisha, yule aliyemrudisha mtoto wa Mshunami, aliugua, na Maandiko yanasema bila kuficha kwamba ugonjwa huo ndio uliomuua. Hakupungukiwa na kitu. Mifupa yake, akiwa ameshaoza kaburini, ilimfufua mtu. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi, na kwa Timotheo akaandika barua kuhusu tumbo la kijana huyo, kama daktari wa zahanati. Hata moto huu tunaouita wa Pentekoste, ulipowaka Los Angeles mwaka 1906 pale Azusa Street, mtu aliyeuongoza, William Seymour, mtoto wa waliokuwa watumwa, alikuwa na jicho moja lisiloona. Wagonjwa walishuhudia kupona mbele yake, na yeye akaendelea kuhubiri na jicho lile lile.

Na hapa kwetu? Mzee Moses Kulola aliombea watu viwanjani kwa miongo mingi. Wazazi wetu wengi waliokoka katika mikutano yake, na mwaka 1991 akaasisi kanisa la EAGT. Naye alizeeka, akaugua, akalala Agosti 29, 2013, akazikwa hapa hapa Bugando. Sijasikia mtu mwenye akili timamu akisema Kulola alikosa imani. Basi iweje kwa mchungaji wa mtaa, mtu wa baiskeli na koti moja, tuweke mizani nyingine?

Naamini uponyaji. Nimeuona kwa macho yangu, na baadhi yenu mnaosoma hapa ni ushuhuda unaotembea. Tutaendelea kuwaombea wagonjwa, na herufi zile ukutani hazifutwi. Lakini Shadraka na wenzake, mbele ya tanuru la moto, walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakaongeza: bali kama si hivyo. Sisi tumehubiri sana nusu ya kwanza.

Hapa mniwie radhi niseme langu. Mimi ndiye ninayehesabu bahasha za zaka na kuziingiza kwenye kitabu. Mwaka mzima wa ugonjwa, bahasha ya Mchungaji haikukosekana. Mama alikuwa anaileta, na mwandiko wa juu ulizidi kupinda kila mwezi, jina likipanda kilima. Ya mwezi wa sita ilikuwa na shilingi elfu mbili. Mtu ambaye kanisa lilikuwa linamchangia nauli ya hospitali alitoa fungu la kumi la mchango wetu wenyewe. Nikaiandika kwenye mstari wake, nikasaini, nikaenda nyuma ya choo cha kanisa nikalia mpaka kijana wa vyombo akaja kuuliza kama mzee anaumwa. Ile bahasha sikuitupa. Iko kwenye faili.

Sasa kuhusu uongozi. Askofu wa jimbo ametupa msimamizi wa muda mpaka utaratibu ukamilike, na utaratibu utafuata katiba ya kanisa. Najua wapo wanaomtaka msaidizi. Wapo wanaosema kiti kiende kwa kijana wa marehemu, ambaye mwenyewe hajasema ameitwa. Anasoma ufundi umeme na tumwache asome. Wapo walioshaondoka kufuata huduma mpya zenye mabango makubwa. Hao nao ni ndugu zetu, heri ya Krismasi kwao. Ila niseme kwa waliobaki na jicho moja likiwa mlangoni: mkitafuta mtumishi, angalieni ni nani anayeruhusiwa kumwambia hapana. Mchungaji wetu aliambiwa hapana na baraza mara nyingi, alinuna, kesho yake akaja na muhogo wa kuchoma tukaendelea na kikao.

Februari 1, 2020, pale uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu kama sisi, wenye magonjwa na madeni kama yetu. Mwaka 2023 majirani zetu Kenya walifukua miili zaidi ya 400 msituni Shakahola, watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Walioambiwa hivyo nao walikuwa wakisema amina. Siwafananishi watumishi wote na hayo, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba karama bila mtu wa kuihoji imewahi kuua, na Maandiko yenyewe yametuagiza tuzijaribu roho. Kuzijaribu si uasi.

Wapendwa, niacheni niseme kama mhubiri, ingawa siye. Kila mkesha tunaimba moto ushuke. Tunaomba Matendo 2. Mimi naomba mwaka huu tusome mpaka Matendo 6. Upepo umeshavuma, ndimi za moto zimeshaonekana, maelfu wameokoka, na kanisa lile lile linalonena kwa lugha linagombana kwa sababu wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku! Mitume hawakusema wajane waongeze imani. Waliitisha kikao wakachagua watu saba, na sifa waliyoitaja ni kujaa Roho na hekima. Kumbe kugawa chakula nako kunahitaji upako. Tunaye mjane. Anakaa katika nyumba ya kanisa, na nimeshasikia sauti zikiuliza atahama lini ili msimamizi apate pa kukaa. Nyumba yake kule Buswelu imeishia kwenye lenta. Marehemu alikuwa anaijenga kwa tofali chache chache, na mara mbili aliuza tofali hizo kulipia vyombo vya mkutano wa injili. Msimamizi mwenyewe amesema atapanga chumba, na Bwana amkumbuke kwa hilo. Kwa hiyo hoja ya kumhamisha mama isiletwe mezani kabla ya bati kupanda Buswelu. Mwenye sadaka ya shukrani, mwenye malimbuko ya Januari, mwenye mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi wake, aone mhazini. Uponyaji tulioukosa mwezi wa saba hatukuwa na uwezo nao. Hili la bati tuna uwezo nalo, na siku ile hatutaulizwa ni mapepo mangapi yalitoka bila kuulizwa ni nani alilala njaa jirani yetu!

Lipo pia kanisa changa la Sengerema. Mchungaji alilipanda akivuka na kivuko pale Kigongo, baiskeli begani, na siku za foleni alilala Busisi kwa watu. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kabla kwaya haijamaliza wimbo mmoja. Na tangu lifunguliwe, ni wachache kati yetu tuliokwenda kule kuliko enzi za kivuko. Washirika wa kule wanasali chini ya turubai, na mvua hizi mnaziona. Tumwambie nini Bwana, kwamba barabara ilikuwa nzuri mno? Idara ya uinjilisti imepanga safari Jumamosi ya pili ya Januari. Jina lako liandikishe kabla ya mkesha. Kama huwezi kwenda, changia nauli ya anayekwenda.

Ibada ya Krismasi ni saa 3 asubuhi. Siku inayofuata idara ya wanawake watashinda kwa mama mchungaji kuanzia saa 4. Pikeni kwenu mpeleke kimeiva, msiende kumpikisha. Mkesha wa kuvuka mwaka, Desemba 31, unaanza saa 3 usiku. Kila familia ije na chai yake kwenye chupa, sukari kanisa litatoa. Shuhuda ziwe fupi. Spika za nje zizimwe saa 6 na nusu, tumeshaahidiana na majirani.

Bwana awabariki na kuwalinda, awape amani majumbani mwenu, awavushe salama na awafute machozi wote waliofiwa mwaka huu. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katibu wa kanisa

Aliyechukua ufunguo wa stoo ya jenereta Jumapili iliyopita aurudishe kwa mzee wa zamu kabla ya Jumatano.