Asilimia ya Nini? Barua kwa Mdogo Wangu wa Mbagala

Leeds, Uingereza

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie pamoja na Mama, ambaye naomba umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri. Nimeyapokea maswali yako kuhusu biashara ya khanga na kuhusu ule mkopo wa mtaani, na kwa kuwa umeniandikia tarakimu zenyewe, nami nitakujibu kwa tarakimu.

Nianze na punguzo. Umeeleza kwamba doti unayoinunua Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwa shilingi 12,500 unaiongezea asilimia 20 na kuiuza 15,000, na kwamba mteja akikubembeleza sana unampunguzia asilimia hiyohiyo 20, ukiamini kuwa umeachia faida tu na mtaji umebaki salama. Haukubaki salama. Asilimia 20 ya kwanza ilihesabiwa juu ya 12,500, ikawa 2,500, ilhali ya pili imehesabiwa juu ya 15,000, ikawa 3,000. Doti imeondoka kwa 12,000 na wewe umepoteza 500. Kwa desimali jambo hili linaonekana upesi zaidi, maana 1.2 mara 0.8 ni 0.96, yaani umerudishiwa asilimia 96 tu ya fedha uliyotoa. Punguzo la mwisho unaloweza kukubali bila hasara ni sehemu moja ya sita ya bei ya kuuzia, ambayo ni kama asilimia 16.7.

Hiyo moja ya sita nakutana nayo huku kila siku, kwa sababu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya Uingereza kwa kawaida ni asilimia 20 na imo ndani ya bei iliyobandikwa dukani, hivyo anayetaka kuijua hugawa bei kwa 6. Huko nyumbani, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 18, bei ya 59,000 yenye VAT ndani igawe kwa 1.18 upate 50,000, na kodi ni 9,000. Ukikata asilimia 18 ya 59,000 utapata 10,620, ambayo si kodi ya bidhaa hiyo.

Sasa mkopo, na hapa naomba usome taratibu. Wanataka kukupa 300,000 uwarejeshee 12,500 kila siku kwa siku 30, jumla 375,000, na wanakuambia riba ni asilimia 25. Ni kweli kwamba 75,000 ni asilimia 25 ya 300,000, lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba 300,000 yote inakaa mikononi mwako mwezi mzima. Kumbe katika kila rejesho la 12,500 kuna 10,000 ya fedha yao inayorudi, kwa hiyo ifikapo siku ya kumi na tano nusu ya mkopo umekwisha kuirudisha, na kwa wastani wa mwezi wote unakuwa umeshika kama 155,000 tu. Riba ya 75,000 juu ya 155,000 ni karibu asilimia 48, na hiyo ni ya mwezi mmoja. Watu wa mtaani wanaoiita mikopo hii kausha damu hawajawaonea.

Pima pia kwa khanga zako. Fedha hiyo inanunua doti 24, na ukiziuza zote kwa 15,000 bila kumpunguzia mtu hata shilingi, unapata 360,000, wakati deni ni 375,000. Utatafuta 15,000 nyingine kwa Mama, na nauli ya daladala kwenda Kariakoo bado sijaihesabu.

Kuhusu fundi anayemjengea Mama: zege la uwiano wa 1:2:4 maana yake karai moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kwa hiyo saruji ni moja ya saba ya vipimo vyote. Akienda 1:3:6 saruji inakuwa moja ya kumi, na zege linakuwa dhaifu zaidi. Mwambie Mama akae kivulini ahesabu makarai mwenyewe. Hana haja ya kugombana na mtu.

Badala ya mkopo nimekutumia 100,000. Nimetumia njia inayotoza ada, si ile inayojitangaza kuwa ni bure, kwa sababu hiyo ya bure hubadilisha pauni kwa kiwango cha chini kwa asilimia 3, na kwa pauni 100 inakuwa imekula pauni 3, ilhali ada yangu ni pauni 2 iwe nimetuma 100 au 300. Ndiyo maana nimeambatanisha na fedha ya saruji kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo 100,000 nunua doti 8. Zikiisha utakuwa na 120,000. Katika faida ya 20,000 robo, yaani 5,000, mpe Mama, na robo tatu zirudi kwenye mtaji, ili awamu ijayo ununue doti 9 na ubakiwe na 2,500 ya nauli. Niandikie doti ngapi zimetoka kwa bei kamili na ngapi kwa punguzo, maana faida hiyo ya 20,000 haivumilii mapunguzo mengi.

Ni mimi kaka yako.