Waridi ya Heroe na Waridi ya Papa

Binti yangu mpendwa Zuhura,

Barua yako ya safari ya Ziwa Natron imetufikia. Umeuliza iwapo heroe na yule papa wa vilindini uliyemwona kitabuni, ambaye Wajapani humwita tenguzame, wameipata rangi yao ya waridi kwa njia moja.

Hapana, mwanangu. Heroe huila rangi yake. Kinda lake huanguliwa likiwa la kijivu, na hupita miaka miwili au mitatu kabla halijakolea. Wale uliowaona wameinamisha vichwa, midomo juu chini ndani ya maji ya magadi, walikuwa wakichuja vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho, ambavyo hubeba rangi za jamii ile ile inayoipa karoti wekundu wake. Mwili huzisafirisha hadi kwenye manyoya.

Papa yule hana habari na hayo. Ngozi yake hupitisha mwanga kidogo, na unachokiona ni damu ya mishipa iliyo chini yake, mfano wa kidole unachozibia tochi usiku. Akifa hugeuka kijivu au kahawia. David Starr Jordan, aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1898 kutokana na papa mchanga aliyenaswa karibu na Yokohama, alikuwa na mzoga tu mbele yake. Kwa hiyo ukikuta picha yake ya kahawia, usimlaumu sana mchoraji.

Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba huko anakoishi, mamia ya mita chini ya bahari na pengine zaidi ya mita 1,000, mwanga mwekundu haufiki kabisa, hivyo waridi yake haionwi na viumbe karibu wote. Heroe, kinyume chake, huitegemea rangi anapotafuta mwenzi, wanapotembea kwa makundi na kugeuza vichwa kama wanaocheza gwaride.

Uliandika pia kwamba baadhi ya wakubwa waliokuwa na makinda walikuwa wamepauka, ukadhani ni wagonjwa. Heroe hunywesha kinda lao maji mazito mekundu yatokayo kooni, baba na mama kwa zamu, na wekundu huo hutoka katika akiba ya miili yao. Mama yako aliposikia hayo alizitazama mvi zangu, akacheka hadi akaweka chini ungo wa mchele.

Wasalaam,
Baba yako