Mzazi ana baridi yabisi: je, na mtoto apimwe?

Hapa labo kwetu Bukavu, anayemleta mama yake mwenye vidole vilivyovimba huuliza: “Na mimi nimerithi?” Wengine huomba kutolewa damu papo hapo. Tunawasihi wasome haya kabla ya kulipa.

Baridi yabisi tunayoizungumzia ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, ni uwezekano tu wa kuupata. Sehemu kubwa ya urithi huo iko kwenye jeni za kinga ziitwazo HLA. Jeni hizo hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kushika vipande vya protini nyingine, kama mama wa soko la Kadutu anavyopanga bidhaa mezani ili wapita njia waone. Wapita njia hapa ni seli za kinga, zinazokagua kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni. Mwaka 1987, mtafiti Peter Gregersen na wenzake walieleza kwamba aina za HLA-DRB1, mojawapo ya jeni hizo, zinazoambatana na baridi yabisi zina kipande kifupi kinachofanana.

Kipande hicho husaidia kushika protini ambazo arginini yake, moja ya vijenzi vya protini, imegeuzwa kuwa kijenzi kingine kiitwacho sitrulini. Mageuzi hayo hutokea kwa yeyote penye uvimbe, na moshi wa sigara huyaongeza mapafuni. Kwa baadhi ya watu, kinga huziona protini hizo kama adui, ikatengeneza kingamwili (protini za damu za kupigana na adui) dhidi ya mwili wenyewe, pengine miaka kadhaa kabla ya kiungo chochote kuuma.

Hata hivyo, pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Ndiyo maana hatupimi jeni: jibu lingekutia hofu bure.

Tunapima kingamwili. Faktari ya rumatoidi, kipimo cha zamani, hutoka chanya hata kwa mwenye kifua kikuu, malaria au homa ya ini ya C, na kwa baadhi ya wazee wazima wa afya. Huku kwetu, usikubali kuitwa mgonjwa kwa karatasi hiyo peke yake! Kipimo kingine, anti-CCP, hutafuta kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini, na chanya yake ina uzito zaidi. Ikiwa hasi, daktari bado ataangalia viungo, kwani wapo wagonjwa wasio na kingamwili hizo.

Viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa wiki kadhaa, muone daktari mapema, kwani dawa zikianza mapema huzuia vidole kupinda. Mtoto asiye na dalili hatutampima. Kama anavuta sigara, aache.