Dar siji, mwanangu

Mwanangu Salim,

Waalaikumu salaam. Maneno yako yote ya kwenye simu nimeyasikia, na mkeo mwambie ahsante kwa kunitengea chumba. Lakini Dar siji. Barua hii anaiandika Rehema huku mimi namtamkia, nikueleze sababu mwenyewe kabla shangazi zako hawajakwambia mama amekuwa mkaidi.

Kwanza acha kuwaambia watu nina mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ningeshatolewa zamani, yakaisha. Langu ni kuzorota kwa makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaopokea mwanga) tunayosomea na kutambulia sura. Pembeni naona. Ndiyo maana kuku akinyemelea mlangoni namfukuza, ila wewe ukikaa mbele yangu huna uso, na nikitaka kukuona lazima nilitazame sikio lako. Majirani walishaudhika, nawapita bila salamu, wakasema mwalimu siku hizi anajivuna. Sasa wanaanza wao, na wanataja majina.

Jicho la kushoto katikati limekwisha. La kulia lina nafuu, nalo ni aina kavu, ambayo zile sindano za ndani ya jicho haziisaidii. Sindano hizo ni za aina ya majimaji, mishipa mipya inapoota nyuma ya jicho na kuvuja. Hiyo nayo yaweza kunijia siku yoyote, kwa hiyo nimebandika karatasi ya miraba kwenye friji. Kila asubuhi naziba jicho moja, naitazama nukta ya katikati, kisha la pili. Siku mistari itakapoanza kupinda nitakupigia hata usiku wa manane, na hapo utanipeleka Dar bila ubishi, maana kuchelewa kidogo tu kunakula jicho. Vidonge ulivyotuma nameza. Havirudishi kilichokwenda, vinapunguza kasi tu. Na kaka yako asijipe moyo kwa karoti huku anavuta sigara. Katika yale ambayo mtu anaweza kuyaacha, hakuna linaloiumiza makula kama hiyo.

Sasa hilo la kuhama. Nyumba hii naijua kwa miguu. Ngazi za uani fundi amezipaka ukingo mweupe. Chai ya rangi naimimina kwenye kikombe cheupe, naiona inavyopanda. Ya maziwa inaingia kikombe cha buluu. Wali nakula kwenye sahani ya kijani, kwenye nyeupe nilikuwa naukimbiza kwa kijiko. Noti ya elfu kumi naikunja mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili haikunjwi. Simu inanisomea salio, na namba ya siri naibonyeza mwenyewe, hata wewe huijui. Kwako ghorofa ya nne nitakuwa mgeni wa kuketishwa kwenye kochi, niletewe chai, niletewe rimoti. Wazee wengi wenye maradhi haya huingia sonona, na kwa nionavyo mimi, kinachowamaliza ni kunyang'anywa kazi zao kuliko hilo giza lenyewe.

Najua shangazi yako amekwambia naona watu. Ni kweli. Jioni watoto wenye kofia husimama ukutani, kimya, na maua hupanda pazia. Alitaka kuniletea mtu wa kupunga. Daktari akasema ubongo ukikosa picha hujichorea zake, na akili yangu ni nzima. Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliyaandika haya tangu 1760, kwa yaliyompata babu yake, mzee mwenye akili timamu. Nikipeleka macho kushoto na kulia mara kadhaa huwa wanaondoka. Wengine wana kofia nzuri, nawaacha.

Ukija Idi niletee taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, mwanga uangukie msahafu usinipige machoni, na kalamu nyeusi nene, ile ya kuandikia maboksi. Usihamishe kiti hata kimoja humu ndani. Na wanao waambie wasinijaribu kwa "bibi, mimi nani?" Waseme majina yao, tuendelee na habari nyingine.

Mama yako,
Tanga