Jicho jekundu lipimwe kwa rangi kabla ya kutiwa matone

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala yenu ya afya ya wiki iliyopita, iliyowahimiza wasomaji wasipuuze maumivu ya macho. Mwandishi alieleza vizuri aina za matone yanayotumika, lakini hakugusia kabisa kipimo kinachopaswa kutangulia matone hayo, nacho ni rangi iitwayo fluoresini. Nimehudumu katika kliniki za macho mkoani Morogoro hadi kustaafu, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kidogo kama hicho kinachookoa macho mengi kiasi hicho, wala kinachosahaulika kirahisi namna hiyo wakati wa kuagiza vifaa vya zahanati.

Fluoresini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1871 na mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer. Ikimulikwa kwa mwanga wa bluu hung'aa kijani kikali, hata ikiwa imechanganywa na maji mengi sana, na kwa sababu hiyo wanajiolojia waliipenda kabla sisi wa macho hatujaizoea. Mwaka 1877, kusini mwa Ujerumani, kilo 10 za rangi hiyo zilimwagwa mahali ambapo maji ya mto Danube huzama ardhini, na baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, iliyoko umbali wa kilomita kama 12, ikaanza kutoa maji ya kijani. Ikathibitika kwamba sehemu ya maji ya Danube hupita chini kwa chini na kuishia katika mto Rhine. Kwenye jicho rangi hufanya kazi iyo hiyo ya kufichua upenyo ambao macho yetu hayauoni.

Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imefunikwa na utando mwembamba ambao ukiwa mzima hauruhusu rangi kupenya. Mhudumu huchukua kijikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, huilowesha ncha hiyo kwa tone la maji safi ya chumvi, huigusisha ndani ya kope la chini, kisha humwomba mgonjwa apepese macho na kummulika kwa tochi ya bluu. Penye utando mzima hakuna kinachobaki, ila penye mkwaruzo au kidonda rangi huingia na kung'aa. Umbo la alama nalo lina habari zake. Wakati wa kupura mpunga tulikuwa tukipokea wakulima wanaolalamika kwamba kuna kitu kinawachoma lakini hakionekani. Rangi ilipoonyesha mistari myembamba ya wima sehemu ya juu ya konea, hatukuwa na haja ya kuuliza zaidi, kwani ilikuwa wazi kwamba kapi limenasa chini ya kope la juu na kila mpepeso unalikwaruza jicho. Kope likipinduliwa, kapi linaonekana limekaa pale pale, nalo huondolewa kwa kijiti chenye pamba.

Alama ninayoihofia zaidi ni ile yenye matawi matawi kama mzizi wa mchicha, ambayo kwa kawaida huashiria kidonda cha virusi vya herpesi. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wako wawe makini. Baadhi ya matone yanayouzwa madukani bila cheti cha daktari yana steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, ndani yake, mara nyingi ikiwa imechanganywa na antibiotiki, na sifa ya steroidi ni kuondoa wekundu upesi, hata mgonjwa akaamini amepona. Ikiwa chini ya wekundu huo kuna kidonda cha herpesi, au cha fangasi kilichotokana na kuchomwa na jani au bua shambani, dawa hiyo hupunguza nguvu ya mwili ya kujikinga na kidonda huendelea kuchimba konea kimya kimya. Nimeona wagonjwa waliofika wakiwa na kovu jeupe katikati ya jicho, wakiwa bado wameshika chupa waliyoisifu kwamba iliwasaidia sana siku za mwanzo. Rangi haitaji jina la kijidudu, na kwa hilo maabara inahitajika. Lakini inatosha kumzuia mhudumu asitoe steroidi kwenye jicho lenye kidonda.

Kwa waganga wafawidhi, ombi langu ni kwamba vijikaratasi hivyo pamoja na tochi ya bluu viingizwe katika maombi ya vifaa ya kawaida. Vijikaratasi ni bora kuliko fluoresini ya maji ya chupa, kwa kuwa chupa ikishafunguliwa na kutumiwa kwa wagonjwa wengi inaweza kuingia bakteria, wakiwemo wale wanaoharibu konea kwa kasi kubwa. Kila karatasi ni ya mgonjwa mmoja.

Niongeze jambo moja kwa wenye kisukari, kwa kuwa baadhi yao hupewa rangi hii kwa namna nyingine na kurudi nyumbani na hofu. Tangu miaka ya 1960 fluoresini hudungwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho ipigwe picha na ile inayovuja ionekane. Ngozi huwa ya manjano kwa saa kadhaa na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au zaidi kidogo, na hiyo si manjano ya ini. Kichefuchefu cha muda mfupi ni cha kawaida, ila mzio mkali, ingawa ni nadra, hutokea, kwa hiyo mgonjwa aseme mapema kama amewahi kudhuriwa na dawa.

Kwa mwenye jicho jekundu linalouma, hasa kama uoni umepungua au ameumia akiwa shambani, aulize anapohudumiwa kama jicho limepimwa kwa rangi. Akijibiwa kwamba kifaa hakipo, aombe rufaa siku hiyo hiyo, na asikubali matone yenye steroidi hadi jicho lake litakapopimwa.

Mtumishi mstaafu wa kliniki ya macho,
Morogoro