XML na RDF haziko kwenye mizani moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala kuhusu muundo unaofaa kuandikia metadata za maelezo, yaani zile zinazotaja jina, mwandishi, mada na tarehe ya kitabu, picha au waraka. Wanaojadili suala hili aghalabu huzipima XML na RDF kana kwamba moja ni ya kizamani na nyingine ndiyo ya kisasa. Hoja ya umri haina mashiko: W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilipitisha XML Februari 1998, na RDF ikafuata Februari 1999.

XML ni kanuni ya kuandika waraka, ambamo lebo hufunguliwa na kufungwa, moja ndani ya nyingine, hadi rekodi nzima ikawa mti wenye shina moja. RDF si mwandiko. Ni namna ya kusema mambo kwa kauli fupi zenye kiima, kiarifu na shamirisho, huku vitu vinavyosemwa vikitambulishwa kwa URI, yaani kitambulisho cha pekee kinachofanana na anwani ya wavuti. Ndiyo maana kauli za RDF zinaweza kuandikwa hata kwa XML, jambo ambalo lilinichanganya sana nilipoanza kazi hii.

Chukua mwandishi aliyeandikwa kwa jina kamili katika rekodi moja, na katika nyingine kwa herufi ya kwanza na jina la ukoo. Kwa XML peke yake hayo ni maandishi mawili tofauti, na kompyuta haina sababu ya kuamini kuwa ni mtu mmoja. Kwa RDF rekodi zote mbili huelekeza kwenye URI moja, na atakayeongeza mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi huyo atauongeza mara moja tu. Si ajabu kwamba Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyobuni MODS, muundo wa rekodi za maktaba, kwa XML mwaka 2002, muongo mmoja baadaye ilikuja na BIBFRAME, muundo mwingine wa kazi hiyo uliojengwa juu ya RDF.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka kila katalogi ihamie RDF kesho. Skima ya XML, yaani faili la masharti ambayo waraka lazima uyatimize, inaweza kudai kwamba kila rekodi iwe na tarehe moja, iliyoandikwa kwa tarakimu nne, na rekodi isiyotimiza sharti hilo ikakataliwa papo hapo, kabla mkutubi hajainuka kitini. Katika RDF tarehe iliyokosekana si kosa. Huhesabiwa tu kuwa bado haijasemwa. Lugha ya kuwekea RDF masharti ya namna hiyo, SHACL, ilipitishwa na W3C mwaka 2017. Mpangilio nao, kama ule wa majalada ndani ya makasha ya nyaraka, XML huutunza bila jasho, ilhali RDF hudai utajwe waziwazi.

Kwa maoni yangu, hazina ndogo yenye rekodi za aina moja ibaki na XML, lakini ianze sasa kuandika URI kando ya kila jina na kila mada. MODS ina sifa ya valueURI kwa kazi hiyohiyo. Rekodi zenye URI zitageuzwa kuwa RDF kwa programu fupi. Zisizo nazo zitahitaji mtu akae akilinganisha majina, moja baada ya jingine.

Ninachokipinga kabisa ni kuchagua RDF iliyoandikwa kwa XML kwa kudhani kwamba mtu amepata faida za pande zote mbili. Kauli zilezile zinaweza kuandikwa humo kwa maumbo mengi tofauti, hivyo njia ya XPath, lugha ya kuelekeza kwenye sehemu fulani ya waraka wa XML, iliyosoma faili la leo vizuri inaweza isipate kitu katika faili la kesho lenye maana ileile. Anayeamua kutumia RDF aiandike kwa Turtle, mwandiko wa RDF usiotumia XML, na aisome kwa SPARQL, lugha ya kuiulizia RDF maswali.

Wako mtiifu,
Mkutubi