Venice si Lamu, hata kama zote ni za maji na vichochoro

Mhariri,

Vijana wetu wanaoalikwa Italia hudhani Venice watatembea kama Langoni, mtaani kwetu. Vichochoro vipo, ila punda wa kubeba mizigo hakuna. Madaraja yanapita 400, mengi yana ngazi, na begi la kilo 23 utalipandisha na kulishusha mwenyewe. Kama hulali mjini humo, liache penye kuhifadhia mizigo stesheni ya Santa Lucia. Usishuke Mestre, hiyo iko bara.

Anwani ndiyo huwapoteza wengi. Mji una sehemu sita, na kila sehemu ina mfululizo mmoja wa namba za nyumba unaofika maelfu. Namba peke yake haikufikishi. Muulize mwenyeji jina la uchochoro na kituo cha boti kilicho karibu.

Boti ya abiria, vaporetto, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Tiketi iguse kwenye mashine kituoni kabla ya kupanda. Ukikutwa hujaigusa, faini inakuhusu ingawa umelipa. Panda namba 1. Inakwenda polepole, inasimama kila kituo cha Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, na makasri unayaona kwa upande wa maji, ndiko nyuso zake zinakoelekea. Gondola, mashua nyembamba ya kasia, ya watalii mchana ni euro 90 kwa nusu saa, bei ya chombo kizima, si ya kila kichwa. Anayetaka kuonja tu apande traghetto, gondola ya kuvusha watu, kwa euro 2.

Bamvua, yaani maji kujaa sana, tunaijua. Kule, hasa Oktoba hadi Januari, hukutana na sirocco, upepo wa kusini unaoyasukuma maji ya bahari ya Adriatic hadi ndani ya mji. Milango ya MOSE, iliyoanza kuzuia maji 2020, kwa kawaida huinuliwa yakitabiriwa kufika sentimita 110. Uwanja wa San Marco uko chini, huloa kabla ya hapo. Chukua viatu vya mpira.

Kanisani San Marco, mabega na magoti yafunikwe. Buibui na kanzu hazina neno. Wa kaptura ndio hurudishwa mlangoni. Farasi wanne wa sanamu walio nje ni nakala. Wa asili, walioporwa Constantinople (Istanbul ya leo) katika vita vya 1204, wako juu kwenye makumbusho, na tiketi yake ni ya kando. Usiibanie.

Tangu 2024, siku fulani za msimu, mgeni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia mjini: mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema, 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini mjini halipi, lakini ajiandikishe kwenye intaneti apate uthibitisho kabla ya kufika.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu